Injini ya Kulia ya Bi Mkubwa

Tulimzika Sajenti Mkude kule Kibaigwa, siku ya upepo mkali, na mbele ya jeneza kijana mmoja wa kanisani akasoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti siwezi kumlaumu. "Marehemu alilitumikia jeshi kwa uaminifu, akastaafu kwa heshima, akawa mzee wa kanisa." Halafu akaingia kwenye watoto na wajukuu. Mimi nilikuwa mkekani na akina mama, nikahisi damu inanipanda kichwani. Alilitumikia jeshi! Kana kwamba alikuwa akifyeka nyasi za kambi mpaka anastaafu. Nikamwinamia binti yake aliyekaa karibu yangu, nikamnong'oneza, "Mbona ndege hawajaitaja?" Akanigeuzia macho yaliyovimba kwa kulia. "Ndege gani, mama?" Ningemjibu pale ningeharibu msiba wa watu. Lakini nilirudi Dodoma, ninakokaa siku hizi, na hasira zangu, na tangu nirudi nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka uani, wajukuu wananiuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sasa nimeanza.

Mambo ya ukoo wetu, nani alikuja na msafara gani na alikuwa akiuza nini, sina haja nayo hapa. Majengo kuna wazee wanaoyajua na wanapenda sana kuulizwa. Mimi nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa kwa shangazi yangu Mwajuma, nyuma ya uwanja wa ndege, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sikumwonyesha mtu. Ilikuwa ile miaka ya soko kufunguliwa. Mashirika ya umma yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini, na papo hapo mjini kumejaa vitu ambavyo tukiwa wadogo tulivisikia tu: sabuni za kila rangi, redio kaseti, mitumba ya kuchagua mpaka uchoke. Kila mtu alikuwa anaenda mahali. Aliyepunguzwa kazi anafungua genge, mwenye genge ananunua pikapu, mwenye pikapu anahamia Dar es Salaam. Mimi napepeta mchele wa Shangazi na kusugua masinia kwa majivu, huku miguu inaniwasha. Nilitaka kuondoka Dodoma, na ungeniuliza niende wapi nisingekuwa na jibu.

Shangazi alikuwa na nyumba ya vyumba vilivyozunguka ua, na ole wake aliyemwita mama lishe. "Mimi nalaza wageni," alikuwa akisema, "chakula ni ubinadamu wangu tu." Nyumba ile alikuwa ameachiwa na mumewe, ambaye alioa mke wa pili kule Kondoa, akaanza kwenda huko wiki moja, halafu mwezi, halafu hakurudi tena. Habari hiyo haikuzungumzwa nyumbani, ila kila mtu Majengo aliijua, na Shangazi alijua kwamba wanaijua. Ndiyo maana alitembea shingo imenyooka namna ile.

Ndege yenyewe ilikuja asubuhi moja ikilia vibaya. Nilikuwa uani naanika mashuka, nikainua kichwa, nikaona ndege ya mizigo ya jeshi, ya zamani, tumbo pana, mabawa yamekaa juu ya mgongo, ina pangaboi mbili na moja imesimama kabisa. Moja tu ndiyo inazunguka. Ilipita chini mpaka kuku wa Shangazi wakaingia jikoni, ikatua, vumbi likafunika uwanja wote. Jioni yake wanaume watatu wenye mabegi wakabisha hodi wakiomba pa kulala siku moja. Walikaa karibu mwaka.

Wa kwanza alikuwa Kapteni Salum, rubani, mtu wa Tanga, mwembamba, asiyeweza kukaa kwenye kiti dakika mbili bila kuinuka kuchungulia mlangoni. Wa pili ndiye Sajenti Mkude, Mluguru wa Morogoro, fundi wa ndege, yeye aliruka nayo na kuitengeneza. Wa tatu ni Koplo Ndahani, mpakizi wa mizigo, Mgogo wa Bahi. Bahi ni hapo tu, lakini hata siku moja hakwenda kulala kwao. "Nikienda watanipa ng'ombe nichunge," alisema, "na nikishika fimbo tu, jeshi limekwisha." Waliambiwa na wakubwa wao wabaki na ndege mpaka injini nyingine ije kuchukua nafasi ya ile ya kushoto iliyokufa. Wiki ijayo, waliambiwa. Kapteni akawa anakwenda posta kila siku kupiga simu makao makuu, na kila siku anarudi na neno lilelile, wiki ijayo. Mpaka Shangazi akawa akiulizwa na wateja wake chumba kitapatikana lini, naye anawajibu wiki ijayo, kisha anacheka peke yake.

Vyumba vyao nilivifagia mimi, kwa hiyo navikumbuka kuliko nyuso zao. Kapteni hakufungua begi mwaka mzima. Alitoa shati akalifua, likikauka analikunja analirudisha, na viatu vyake vilikaa chini ya kitanda vikielekea mlangoni. Chumba cha Koplo kilikuwa na kamba, aina zote za kamba na mikanda, maana mikono yake haikutulia, akikaa tu anafunga mafundo na kuyafungua. Chumba cha Sajenti kilinuka oili. Dirishani alipanga vyuma vidogo vidogo alivyovifunga kwenye magazeti, na nilikatazwa kuvigusa hata kwa ufagio. Siku moja nilikisogeza kimoja, akakiona alipoingia tu mlangoni. "Binti," aliniambia, bila hasira, "hicho kikipotea, watu watano wanaanguka." Nikakirudisha palepale kilipokuwa.

Jina la ndege nililisikia mezani. Tulikuwa tunawapakulia ugali na mlenda, Koplo akamwambia Sajenti, "Leo Bi Mkubwa amevuja tena." Shangazi akasimama na mwiko mkononi. "Bi Mkubwa nani?" Koplo akamweleza kwamba ndege za aina ile walizobaki nazo ni mbili, hii ilikuja kwanza na ile ikaja baadaye, basi wenyewe wakazipa majina, hii Bi Mkubwa na ile Bi Mdogo. "Na huyo Bi Mdogo yuko wapi?" Shangazi akauliza. "Yuko Dar es Salaam, Bi Mwajuma. Naye ana injini moja mbovu, lakini amewekwa ndani, chini ya bati." Shangazi akatikisa kichwa. "Na mwenzake kaachwa juani Dodoma. Kama kawaida yao." Akaondoka na sufuria. Wale wanaume watatu walitazamana, hakuna aliyecheka. Kuanzia siku hiyo Bi Mkubwa akawa mtu wa nyumbani kwetu. Shangazi alimuulizia kila asubuhi, ameamkaje.

Nilidhani ndege ikiharibika inakaa tu kama gari bovu. Kumbe ndege haitakiwi kukaa. Ikikaa mahali pamoja magurudumu yanabonyea upande wa chini na hayarudi tena kuwa duara, nyuki wanajenga kwenye mabawa, na vumbi la Dodoma linaingia kila tundu. Basi Jumamosi ikawa siku ya kumsogeza Bi Mkubwa. Sajenti anafunga kamba mbele, anaita walinzi wa uwanja, wabeba mizigo, vijana wa jirani, hata wateja wa Shangazi waliokwisha kula, na wote tunasukuma na kuvuta mpaka magurudumu yageuke kidogo yakalie upande mwingine. Wanawake tulisukuma pia. Shangazi alisimama pembeni akituimbisha kama watu wanaotwanga. Baada ya hapo Sajenti anapanda ndani kuiamsha injini ya kulia, ile nzima. Kwanza inakohoa, halafu moshi, halafu mngurumo unaotikisa vikombe kabatini kwetu. Mji mzima ulijua. Sokoni Majengo watu walisema, Bi Mkubwa kaamka, saa ya kwenda kupika imefika.

Kazi yangu mimi ilikuwa cherehani. Matundu ya injini yanazibwa vumbi lisiingie, na vifuniko vyao vilikuwa vimechakaa, hivyo Sajenti akaniletea sponji la godoro la zamani na kuniomba nimshonee vingine. "Lakini lazima viwe vyekundu," akasema. "Rubani akisahau kuvitoa, avione kutoka mbali." Kitambaa chekundu hatukuwa nacho, Shangazi akaingia ndani akatoka na kanga mpya kabisa, nyekundu. Niliijua. Ilikuwa kanga aliyoletewa na mumewe safari ya mwisho aliyorudi, na hakuwahi kuivaa. "Kata," akaniambia. Nilikata. Bi Mkubwa akazibwa kwa kanga ile, na Sajenti akaikagua mishono yangu yote akiivuta kwa vidole vyake vyeusi vya oili, akasema, "Imara." Nimesifiwa mambo mengi maishani, lakini neno lile nililala nalo.

Siku ile ndipo aliponiahidi. Alijua nataka kuondoka, nani hakujua, nilikuwa nikimuuliza kila siku mawingu yakoje ukiwa juu yake na bahari inaonekana kutokea wapi. Akaniambia, "Siku Bi Mkubwa anaondoka hapa, unaondoka naye. Nitakukalisha dirishani, nikufunge mkanda mwenyewe." Kapteni alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Basi mimi nikakaa juu ya ahadi ile. Shangazi alinitafutia nafasi ya kujifunza ushonaji kwa masista, nikamwambia asubiri kwanza. Binamu yangu aliyekuwa na duka Singida aliniita nikamsaidie, nikamwambia nitakuja, bado kidogo. Nilikuwa nimefunga sanduku langu kama Kapteni, nguo zimekunjwa, kiatu kimefutwa. Sasa nikiona vijana wanaokaa na vyeti vyao wamevihifadhi vizuri kwenye bahasha wakingoja kuitwa kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, nawaelewa. Nami nilingoja hivyo.

Nilichokipenda zaidi ni mazungumzo yao baada ya kula, masinia bado yako mkekani. Hawakuzungumza na mimi, walizungumza nikiwepo. Walisimulia walivyobeba mahindi ya njaa wakatua kwenye barabara ya changarawe kwa sababu uwanja umejaa maji, ng'ombe wa mbegu waliopanda ndege wakaharisha njia nzima, waziri mmoja aliyeshika rozari mkono mmoja na mkono mwingine ameshika goti la Koplo. Tulicheka mpaka mbavu zinauma. Na siku moja, sijui kilichowaleta huko, wakazungumza habari za vita, walipokuwa wakiwarudisha waliokufa kutoka mpakani. Koplo Ndahani alikuwa akifunga fundo kwenye kipande cha kamba. Alisema mpakizi aliyemfundisha alimkataza kuwapakia kama mizigo. Mzigo unaupakia unavyoenea, lakini wale aliwapanga wote vichwa mbele, kuelekea kule ndege inakokwenda. "Watu wanaorudi nyumbani wanatangulia na uso," akasema. Kapteni akainuka akaenda mlangoni. Koplo akaendelea, polepole, na Kiswahili chake cha Kigogo ambacho siku nyingine tulimtania nacho. "Nikiingia mle ndani najua kila mmoja alilala wapi. Bi Mkubwa akikatwakatwa, watakuwa wamelala wapi?" Shangazi alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi tayari.

Kukatwakatwa hakukuwa maneno tu. Biashara ya chuma chakavu ilikuwa imeingia mjini na watu wake. Kuna bwana mmoja aliyekuwa na vijana wa kuyeyusha vyuma na kusubu sufuria, alianza kuja kula kwetu ingawa kwake kuna wake wawili wanaojua kupika. Alikuwa akila taratibu huku akitazama dirishani, uwanjani kule. "Aluminiamu nzuri sana ile," akasema siku moja. Shangazi akamnyang'anya sahani kabla hajamaliza. "Nenda kale kwako."

Mwisho wa kiangazi, upepo wa vumbi ukiwa umetuchosha wote, Kapteni akarudi kutoka posta anakimbia. Mtu mzima, anakimbia. Wakubwa wanakuja kumkagua Bi Mkubwa! Kwa Sajenti habari hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba injini ya kushoto imepatikana na wanakuja kutazama kama ndege inastahili kuwekewa. Nyumba ikageuka ya harusi. Walimwosha Bi Mkubwa kwa maji tuliyochota kwa madumu, tukamsugua kwa majivu na mchanga laini kama tunavyosugua masinia, mpaka anatoa mwanga, ukimtazama saa sita mchana unafumba macho. Injini ya kulia Sajenti alitaka aifanye peke yake. Aliisafisha kwa mswaki. Nilimkuta amelala chali juu ya jukwaa la mbao, anasugua kitu ambacho mkaguzi angelazimika kuwa mjusi ili akione. "Sajenti, shikamoo. Hapo nani ataona?" Akasema, "Marahaba. Injini itaona."

Alikuja Meja mmoja na mafundi wawili, kwa gari, wamechoka na barabara. Alikuwa mtu mpole, nasema kweli, laiti angekuwa mkali ningemchukia vizuri. Alizunguka Bi Mkubwa, akagonga hapa, akafungua pale, akasimama mbele ya injini ya kulia. "Iwashe." Sajenti akaniangalia, nikaenda mimi mwenyewe kuvua vile vifuniko vyekundu. Injini ikawaka mara moja, bila hata kukohoa. Tulipiga vigelegele kule pembeni, Shangazi, mimi na majirani, na Meja akageuka akatabasamu, akawaambia mafundi wake kitu sikioni, nao wakatabasamu.

Pilau ililiwa sebuleni. Nilikuwa nawanawisha mikono, birika na beseni, na mtu anayenawisha hakuna anayemwona. Sajenti na Koplo walikuwa bado uwanjani wakifunga. Meja akasema, "Kwa miaka hii sijaona injini iliyotunzwa namna ile. Hiyo ndiyo tutakayochukua." Kapteni akaacha kutafuna. "Kuchukua kuipeleka wapi, afande?" "Kwa ile nyingine. Wiki mbili tunakuja kuibeba." Kapteni akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba, kwamba Bi Mkubwa anahitaji injini moja tu anaruka, moja tu. "Kapteni," Meja akasema, "hiyo moja haipo. Fedha za kigeni hakuna, wafadhili hawatoi za ndege, na nina ndege mbili nusunusu. Nataka moja nzima. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Maji yalikuwa yanamwagika juu ya kapeti, mimi nimeshika birika nikisahau kulinyanyua.

Nikatoka. Sajenti alikuwa anavuka uwanja kuja kula, ananawa uso wakati anatembea, kwa maji ya chupa, anacheka na Koplo. Akaniuliza, "Wamesema nini?" Ningeweza kumwacha aingie asikie kwa wakubwa. Lakini nilimwambia palepale, maana sikutaka awe amekaa mbele ya sinia anapoambiwa, mdomo umejaa. Akaniuliza, "Ya kulia?" Nikasema ya kulia. Akasimama. Alimwangalia Bi Mkubwa aliyekuwa anameremeta kule nyuma, akasema maneno ambayo nimetembea nayo maisha yangu yote: "Ningeiacha ichafuke, ingekuwa bado yetu." Halafu akaingia ndani, akanawa, akala, akamjibu Meja kila alichoulizwa. Mimi nililia jikoni, kwa sauti kabisa, na Shangazi aliponiuliza nikamweleza, naye akakaa chini juu ya kinu. "Yaani hata ndege!" akasema. "Bi Mkubwa kakaa juani, kajitunza, kapendeza, halafu cha kwake kinavuliwa anapewa Bi Mdogo. Hata ndege, jamani!" Meja alipoondoka Shangazi hakutoka kumuaga.

Mafundi wa Dar es Salaam walitakiwa wabaki kuitoa, Sajenti akakataa, akasema ataitoa mwenyewe. Walimkubalia. Aliazima chenibloku ya kuinulia injini kwenye gereji moja, akasimamisha miti mitatu ya reli, na yeye na Koplo wakaanza kufungua. Nilipeleka chakula mchana nikakuta cha jana hakijaguswa. Kila nati iliwekwa kwenye kitambaa, kila bomba likafungwa mdomo. Alifanya kazi kama mtu anayemvisha bibi harusi, na sikuielewa subira ile, ilinitia hasira. Nikamwambia, "Si uache tu ianguke!" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Zuhura, hii itabeba watu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Injini ilipoinuka na kutoka, Bi Mkubwa aliegemea upande. Koplo akaja kwa Shangazi kuomba viroba, tukavijaza mchanga, wakavining'iniza pale palipokuwa na injini ili asimame sawa. Kwa hiyo mwisho wake alisimamishwa na mchanga wa Dodoma.

Bi Mdogo alikuja na injini moja ya kuazima kwa safari hiyo tu, akatua akiyumba, akaegeshwa karibu na mwenzake. Wote wawili sura moja, ila mmoja anang'aa na mwingine amechakaa rangi, na anayebaki ni yule anayeng'aa. Koplo Ndahani ndiye aliyepakia. Hakuruhusu mtu mwingine kugusa kamba. Injini ilivutwa ndani juu ya magogo, na nilimwona anaamuru igeuzwe, mafundi wakalalamika kwamba ingekuwa rahisi ikiingia kinyumenyume, yeye akarudia, "Igeuzwe." Ikageuzwa, uso mbele. Halafu akaifunga, mikanda yote, na mikono ile isiyotulia ikatulia.

Nilikuwa na sanduku langu. Ndiyo, nililibeba mpaka pale, nimevaa gauni zuri, kwa nini nisiseme. Ahadi ilikuwa ya Bi Mkubwa, nilijua, lakini nilijidanganya kwamba ndege ni ndege. Sajenti akamwendea Meja, aliyekuja na Bi Mdogo, akazungumza naye. Nilimwona Meja akitikisa kichwa, raia hapana, akanionyesha kwa kidole bila ubaya. Sajenti akarudi mpaka nilipo. "Nimeshindwa," akasema. Nikaliweka sanduku chini. Akapanda nyuma ya wenzake, akakaa sakafuni kando ya injini yake, mkono mmoja ameuweka juu yake. Ule mlango wa nyuma ukapanda, taratibu, nikamwona kuanzia kiunoni, nikamwona kichwa tu, nikawa simwoni. Bi Mdogo akaruka. Shangazi alimfuata kwa macho mpaka amepotea, halafu akamwita mwizi, mbele ya majirani wote, akajifunika uso kwa kanga.

Wiki ileile nilipanda basi. Sikwenda kwa binamu wala kwa masista, nilishuka Kibaigwa kwa sababu niliona malori mengi kuliko watu, nikaanza kununua mahindi. Kuhifadhiwa vizuri hakumfanyi mtu aitwe, hilo ndilo nililojifunza mwaka ule. Bi Mkubwa alikaa na viroba vyake mpaka mvua ikavioza, halafu watu wa chuma chakavu wakaja na misumeno. Sufuria nyingi ziliuzwa Majengo msimu ule, nyepesi, nzuri. Shangazi hakununua hata moja, na mimi mpaka leo nikiona sufuria ya zamani kwa watu naigeuza chini juu, sijui natafuta nini.

Sajenti alipunguzwa jeshini muda si mrefu baadaye, na kama bahati, kiinua mgongo chake alikinunulia mashine ya kusaga, akaileta Kibaigwa kwenye mahindi. Nilimkuta pale siku moja nimepeleka gunia, mzee mweupe kwa unga hadi nyusi. Tulicheka, tukalia kidogo. Akaoa upya pale pale, akazaa, na watoto wake wakamjua kama fundi wa mashine. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja. Ndege ikipita juu, anazima mashine. Akina mama wamepanga foleni na madebe yao, yeye anazima, anatoka nje, anaangalia juu. Wananung'unika, "Baba huyu vipi?" Mimi ndiye pekee niliyejua anasikiliza nini. Siku nyingine anarudi bila neno. Siku nyingine anarudi anatabasamu, ananiambia, "Inalia vizuri," na siku hizo hutoza pungufu.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu asubuhi moja nikiwa nimekaa kwenye magunia yangu mlangoni kwake, ikapita ndege ya jeshi, chini kidogo, nikaliona lile tumbo pana na mabawa ya mgongoni. Nikamwita kwa nguvu, "Sajenti, Bi Mdogo!" Akazima, akatoka, akasimama katikati ya barabara ya vumbi mpaka lori likampigia honi. Alisikiliza mpaka ndege imepotea, na baada ya kupotea akasikiliza tena. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Labda hata yeye hakusikia, labda alipiga tu hesabu ya miaka akajua chuma nacho kina mwisho. Nikamuuliza, "Ndiyo yenyewe?" Alijipangusa mikono kwenye suruali, taratibu, vidole vyote. "Bi Mdogo ndiye," akasema. "Lakini si yetu. Wamemwekea nyingine." Akaingia ndani, akaiwasha mashine, akamwambia mama wa kwanza kwenye foleni amwage mahindi yake. Ndege zimepita sana juu ya Kibaigwa tangu siku hiyo, na mashine ya Sajenti Mkude haikuzimwa tena.